Ua la Kahawa kwenye Kidole cha Pete

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, hunirudia kwa harufu kabla ya kunirudia kwa sura. Nikiwaona ninyi mabinti mmekaa barazani Jumamosi, chupa za rangi zimepangwa kwenye sinia, mmoja anampaka mwenzake kucha tisa rangi tulivu na ule wa kumi anautia maua au vumbi la dhahabu, ile harufu kali inanipanda puani nami narudi Arusha, mtaa wa Sokon One, kwenye ua wa Bi. Zuhura, mwezi wa nane wenye baridi, siku mbili kabla ya arusi yangu.

Juzi mmoja wenu aliniuliza kama sisi enzi zetu tuliyajua mambo haya ya kuupamba ukucha mmoja peke yake. Alicheka kabla sijajibu. Sikumlaumu. Ameniona nikipalilia migomba, akadhani vidole hivi vilizaliwa na udongo. Nilimwambia aweke chupa chini asikilize, na wewe nakuomba hivyo hivyo.

Nianze na ukucha wenyewe.

Nyumbani kwetu ni Akheri, juu ya Tengeru, kwenye miteremko ya Meru. Baba alikuwa na kahawa, na kahawa ukishaichuma hailali. Inamenywa siku hiyo hiyo. Tulikuwa na mashine ya mkono, imefungwa kwenye kisiki kando ya mfereji. Mmoja anazungusha mpini, mwingine anatia kahawa mbivu juu na kumwagia maji, maganda mekundu yanatoka huku na punje zinatoka kule. Nilipokuwa darasa la tatu kazi yangu ilikuwa kutia. Mama ndiye aliyezungusha. Siku moja kahawa zilikwama, nami nikaingiza kidole kuzisukuma kama nilivyokuwa nimeonywa mara nyingi nisifanye. Mama alikuwa amegeuka kumjibu jirani aliyepita njiani akimsalimia. Mpini ulikuwa unazunguka.

Kilikuwa kidole cha pete, mkono wa kushoto. Kidole kilipona. Ukucha ulianguka, na baada ya miezi ukarudi, lakini ulirudi na mfereji katikati, kutoka kwenye nyama hadi ncha, mfereji wenye rangi ya kahawia uliopinda kidogo kuelekea kulia. Upande mmoja uko juu, mwingine chini, kama vile mashamba mawili ya ndugu waliogombana.

Mama hakunipiga wala hakulia mbele yangu. Alinifunga kwa kitambaa cha kanga yake, akanibeba hadi zahanati. Lakini tangu siku hiyo hakukitazama tena kidole kile. Mimi tangu utotoni ni mtu wa kuchunguza mambo, na mtoto anayechunguza hugundua upesi mahali ambapo macho ya mama yake hayatui. Jumamosi alipotukata kucha kwa ajili ya kanisa, alinikata tisa, kisha akanipa mkasi na kusema, "Huo malizia mwenyewe." Hivyo kila Jumamosi, mpaka nilipokua.

Shuleni mwalimu wetu aliandika ubaoni methali unayoijua: chanda chema huvikwa pete. Kabla hajaanza kuieleza, mvulana wa dawati la mbele aligeuka akanitazama mkono. Watoto hawahitaji maneno mengi, mwanangu. Nikaingiza mkono chini ya dawati, na kwa namna fulani ulibaki huko kwa miaka mingi.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilishuka mjini kushona. Nilipanga chumba Sokon One, kwenye ua wa Bi. Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye watu wake walikuwa wa Pangani. Alipandishwa Arusha na mume aliyekuwa dereva wa malori, mume akafariki, yeye akabaki. Aliishi kwa kupika vitumbua asubuhi na kuwachora hina maharusi ikiwa kuna arusi. Mimi nilikuwa Mmeru na Mlutheri, lakini kwa Bi. Zuhura mpangaji alikuwa mjukuu, na mjukuu hana kabila.

Ushonaji ulinipa kitu nilichokipenda kupita kiasi: subana, ile kofia ndogo ya chuma ya kukinga kidole na sindano. Watu huivaa kidole cha kati. Mimi niliivaa kidole cha pete, cha mkono wa kushoto, nikashona nayo, nikaenda nayo sokoni, nikala nayo. Zakaria, fundi wa redio aliyekuja kuwa mume wangu, alinistahimili nayo kwa muda, mpaka siku moja tunakula makande kwa Bi. Zuhura akaniuliza kama nategemea kushona maharage. Nikaona afadhali aujue ukweli mapema. Nikaivua. Aliutazama ukucha kwa muda wa kawaida wa kutazama kitu, kisha akaniomba chumvi. Basi. Nakueleza hili ili ujue kwamba tatizo halikuwa bwana arusi.

Tatizo lilikuwa pete. Arusi ya kanisani, mkono unanyooshwa mbele ya watu wote, mpiga picha anainama kuvikamata vidole, mashangazi wa upande wa pili wanachungulia. Subana huwezi kuolewa nayo. Kadiri siku zilivyokaribia, nililala nikiiota methali ile.

Sasa lazima nikueleze wakati wenyewe ulivyokuwa. Sisi tulikuwa tumekulia kwenye foleni. Foleni ya sabuni, foleni ya sukari, foleni ya kitenge kimoja ambacho wanawake wa mtaa mzima walikivaa sare bila kukusudia. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Kama mtu amefungua mlango wa ghala, vitu vikamiminika: mitumba imerundikwa soko la Kilombero mpaka unapotea ndani yake, mafuta ya nywele, viatu vya visigino, na vitu vidogo vya urembo vilivyovuka mpaka wa Namanga mifukoni mwa watu. Tulitembea katikati ya maduka hayo kama watu wanaotembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Nakwambia kweli, nilisimama mara moja mbele ya kioo cha duka nikitazama sabuni za rangi tano, nikasahau nilikuwa naenda wapi.

Zakaria alinunua huko Namanga kiboksi cha rangi za kucha. Nyekundu, nyeupe, kijani, waridi, zambarau, ya dhahabu, na moja isiyo na rangi, inayong'aa tu kama maji. Akaniletea kama zawadi. Nilipokifungua nikajua papo hapo nitafanya nini: nitaufunika ukucha ule kwa rangi mpaka usionekane tena duniani. Nilikuwa na woga mmoja tu. Pasaka iliyopita Mama aliona chupa kama hizo kwa binamu yangu Joisi akasema, bila kupandisha sauti, kwamba rangi hizo ni za watu wasioshika jembe. Maneno ya Mama yalikuwa machache na hayakuwa na kiraka.

Joisi alikuja Alhamisi, siku mbili kabla ya arusi, kunipamba. Alikuta tunamenya ndizi za chakula cha wageni wangu wa mjini, uani, akajiunga. Wewe unajua ndizi mbichi: utomvu wake ukikauka mkononi unakuwa mweusi, hautoki kwa wiki. Kwa hiyo kabla ya kumenya tunajipaka mafuta ya kupikia mikono yote. Tulipomaliza tukafuta mikono kwa kanga, tukaingia chumbani na kiboksi chetu, furaha imetuzidi.

Joisi alikuwa na moyo mzuri na mkono wa haraka. Alinipaka kila ukucha rangi yake: nyekundu, zambarau, waridi, dhahabu. Alisema rangi zipo, kwa nini tuziache zilale? Ule mbovu akaupaka nyekundu, akaona mfereji bado upo, akaongeza nyekundu juu ya nyekundu mbichi, akaongeza tena. Rangi ikajaa kwenye mfereji, ikavimba, ikang'aa. Tukakaa tukiutazama. Ukucha uliokuwa umejificha miaka yote sasa ulikuwa unaita watu.

"Labda ukikauka," Joisi alisema.

Haukukauka. Ubaridi wa mwezi wa nane ulikuwa umeingia chumbani, na chini ya rangi kulikuwa na mafuta ya ndizi ambayo hatukuyakumbuka. Nilipokwenda kunawa, rangi ya ukucha ule ilibanduka yote kwa pamoja, kipande kimoja, kama ganda la yai, ikabaki imeelea kwenye beseni. Zile nyingine zikafuata moja moja. Niliketi kwenye kigoda karibu na mlimau wa Bi. Zuhura nikalia, mwanangu, kilio cha mtu mzima anayejua kwamba sababu ni ndogo na bado hawezi kunyamaza.

Bi. Zuhura alikuwa ametoka kuchora hina mtaa wa Kaloleni, ncha za vidole vyake zina rangi ya machungwa. Tulimwamkia, akaitika marahaba huku macho yake yako tayari kwenye beseni. Akavitazama vipande vya rangi vinavyoelea, akamtazama Joisi, akanitazama mimi.

"Ninyi watu wa mlimani mkipata sukari mnaila kwa kijiko," alisema.

Joisi akajitetea kwamba hii si hina, Bibi, haya ni mambo ya kisasa. Bi. Zuhura akamwambia kuwa ya kisasa au ya kale, kucha kumi zote zikipiga vigelegele kwa pamoja, bibi arusi mwenyewe hasikiki. Kisha akavuta kigoda akaketi mbele yangu na kunyoosha kiganja. Nilimpa mkono wa kulia. Akaurudisha pajani kwangu akasubiri. Nikampa wa kushoto.

Alikishika kidole kile kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga, akaufuata mfereji kwa macho toka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayesoma. Hakuna mtu aliyewahi kukitazama hivyo. Akaniuliza swali ambalo nimeishi nalo tangu siku hiyo.

"Mjukuu wangu, unataka kujipamba au unataka kujificha?"

Nikasema yote mawili.

"Hayo hayakai kwenye ukucha mmoja. Mficha uchi hazai. Chagua."

Akaniuliza kidole kilipatwa na nini, nikamweleza yote: mashine, kahawa zilizokwama, jirani aliyepita. Akauliza ni nani aliyekuwa anazungusha. Nikamwambia. Kidole bado kilikuwa mkononi mwake.

"Na tangu hapo amekishika?"

Nikasema hapana, na niliposema hivyo ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza nilikuwa nalia nini. Nilidhani nawaogopa mashangazi wa Zakaria. Kumbe nilikuwa najiandaa kunyoosha mkono mbele ya kanisa zima huku mama yangu amegeuza uso.

Bi. Zuhura hakuniambia pole. Alimtuma Joisi maji ya moto na sabuni, akachuma limau, akanisugua vidole vyote mpaka mafuta ya ndizi yakaisha, akanikausha kwa kitambaa kikavu, ukucha kwa ukucha. Alisema wazi kwamba yeye rangi hii hajipaki, inazuia maji ya udhu, wala hajawahi kuchora nayo. Joisi akauliza mbona basi asinitie hina anayoijua. Akajibu kwamba hina ni ya kwao, na arusi hii ni ya kwetu. Rangi ameleta bwana arusi, na zawadi ya mume haiachwi kwenye boksi. Mkono ni uleule, alisema.

Kisha akaniuliza, "Ua la kahawa likoje?"

Miaka yote aliyokaa chini ya Meru hakuwahi kuliona. Alikuwa mtu wa mjini, kahawa aliijua ndani ya kikombe. Nikajaribu kumweleza. Nilimwambia ni jeupe, dogo, lina petali nyembamba zilizochanua kama nyota. Nikamwambia hayakai moja moja, yanajikusanya pale jani linapotokea, yamelishikilia tawi lenyewe. Nikamwambia mvua ikinyesha baada ya kiangazi, unalala shamba likiwa kijani, unaamka limekuwa jeupe, na harufu inaingia mpaka ndani ya nyumba.

"Harufu kama nini?"

Nikafikiri. "Kama asumini, Bibi."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Asumini aliijua. Ilikuwa imepandwa mlangoni kwa mama yake, Pangani.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu nataka uone nilichokiona. Kucha tisa alizipaka ile rangi isiyo na rangi, tabaka moja jembamba, zikabaki kucha tu, safi, zinang'aa kama zimetoka mvuani. Ule wa kumi pia akaupaka hiyo kwanza, akauacha. Nilitaka kuupuliza akanikataza. Alisema pumzi ina maji. Tukasubiri. Akageuza sahani, na juu ya mgongo wake akadondosha tone la nyekundu na tone la kijani, akayakoroga kwa njiti mpaka ikapatikana rangi ya gome la mti. Kando yake tone la kijani tupu, na tone la nyeupe. Akavunja mwiba wa mlimau. Ndio uliokuwa kalamu yake. Akafunika kikombe kifudifudi, akaegemeza kifundo cha mkono juu yake usitikisike.

Nilidhani ataanza kuuziba mfereji. Hakuuziba. Aliutia ile rangi ya gome, mstari mwembamba uliofuata kupinda kwake kote, hata pale ulipoelekea kulia. Akainua mwiba. Nikatazama, na mfereji haukuwepo tena. Palikuwa na tawi. Tawi la kahawa, limepinda kama yanavyopinda yote yakizidiwa na mzigo. Hakuongeza kitu kwenye umbo lake. Lilikuwa pale miaka yote, na mimi nilikuwa nimelivika kofia ya chuma.

Tukasubiri tena. Akaweka majani, mawili mawili yakitazamana, kwa ncha ya mwiba. Tukasubiri. Joisi aliyekuja na haraka zake alikuwa amepiga magoti sakafuni, kidevu juu ya kigoda, hapumui. Mwisho Bi. Zuhura akachukua pini ya kushonea, akachovya kichwa chake kwenye nyeupe, akagusa pale jani linapotokea, na kabla nukta haijakauka akaivuta kwa mwiba pande zote. Nyota. Akagusa tena. Nyota nyingine. Ukucha hauzidi punje ya haragwe, mwanangu, na juu yake palikuwa na asubuhi nzima ya shamba la baba yangu. Nilisikia harufu. Najua rangi ile ilinuka kama dawa, lakini mimi nilisikia harufu ya kahawa iliyochanua, na sitabadili ushahidi wangu.

Bi. Zuhura alifunika yote kwa tabaka la mwisho la ile inayong'aa, akaniachia mkono. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hiki kitabeba arusi. Kisha akaenda kuswali.

Ijumaa nilipanda nyumbani Akheri. Mkono niliufunika kwa kanga, na kwa vile kulikuwa na ukungu hadi mlangoni hakuna aliyeshangaa. Mama alikuwa na wageni, vyungu na ng'ombe wa kuhudumia. Alinisalimia kwa mbali. Usiku mzima nilikumbuka maneno yake ya Pasaka.

Jumamosi asubuhi wanawake waliponivika gauni, Mama aliwaomba watoke kidogo. Akafunga mlango. Akatoa ndani ya kitambaa jozi ya glavu nyeupe, za mtumba, zenye kifungo kidogo cha lulu kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa ameshuka Kilombero mwenyewe kuzitafuta, yeye ambaye mjini alikwenda kwa dharura tu. Akasema asubuhi ina baridi, nizivae, nimweleze mchungaji kwa ustaarabu kwamba pete ivalishwe juu yake. Alisema hayo yote akitazama dirisha.

Nilizitazama glavu zile nikaelewa. Alikuwa na subana yake, na yeye. Tulikuwa tumeficha kitu kimoja, watu wawili, kila mmoja akidhani anamsitiri mwenzake.

Nikaivua kanga, nikamnyooshea mkono wa kushoto. Mkono ulikaa hewani muda mrefu. Nilianza kufikiri nitaurudisha. Ndipo macho yake yakashuka kutoka dirishani, polepole, kama mtu anayeshuka mteremko wenye utelezi, yakafika.

Aliweka glavu kitandani. Akakishika kidole. Mikono yake ilikuwa migumu kwa kazi, nami nikaogopa atalikwaruza ua, lakini alikishika kama anavyoshikwa kifaranga. Alikisogeza karibu na uso. Nje tulisikia wanawake wakiimba, na shambani wakati ule kahawa zilikuwa nyekundu, zinangoja kuchumwa. Hapakuwa na ua hata moja mlima mzima.

"Imechanua mwezi wa nane," Mama alisema.

Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha."

"Najua, Mama."

"Nilikuwa namjibu mtu salamu."

"Najua."

Hakuomba msamaha, na sikuwa na deni la kumsamehe. Alikaa ameinamia kidole kile mpaka wakaanza kugonga mlango wakisema bwana arusi amefika. Habari za glavu hazikutajwa tena. Wala habari za rangi na watu wasioshika jembe hazikutajwa.

Kanisani, mchungaji aliposema tunyooshe mikono, niliinua wa kwangu juu kuliko ilivyohitajika. Zakaria alitabasamu, alikuwa ameliona ua akatambua chupa zake. Mashangazi wa upande wake walichungulia kama nilivyotabiri, na mmoja nikamsikia akimnong'oneza mwenzake auone ule ukucha, tazama, kuna kahawa. Lakini mimi nilikuwa namtazama mtu mmoja tu. Mama alikuwa benchi la mbele, na pete ilipopita kwenye kiungo cha kidole alinyanyuka nusu, mbele ya wazee wote wa kanisa, ili aone vizuri.

Rangi ni rangi. Vyombo na maji ya kufua viliondoa majani kwanza, kisha nyota moja moja, na kabla mwezi haujaisha ukucha ulirudi ulivyokuwa. Sikuvaa subana tena kidole hicho. Na Mama, tangu siku ile mpaka Mungu alipomchukua, kila nilipopanda kumsalimia alikuwa akiupokea mkono wangu wa kushoto kwanza, akikitafuta kidole kile kwa dole gumba lake, akiupitia mfereji toka mwanzo hadi mwisho, huku akiniuliza habari za watoto. Hata macho yalipomwacha, kidole alikijua. Kwa hicho alijua ni mimi niliyeingia.

Basi mwanangu, nimesema mengi kuhusu kitu kidogo kuliko haragwe. Na sasa pokea neno langu.

Utakapokuwa na rangi nyingi mbele yako, na wewe umezaliwa katika wakati wa rangi nyingi, usizitumie zote kwa sababu tu zipo. Chema chajiuza. Ziache tisa zitulie, ili ile moja isikike. Osha mkono kwanza. Kitu kizuri hakishiki juu ya mafuta ya jana. Ngoja kila tabaka likauke. Hayo ni ya kucha, na ukitaka ni ya ndoa pia, na ya kazi.

Lakini lililo kubwa ni hili. Kila mtu ana ukucha wake wa kumi. Ukikaa kuupamba, jiulize swali la Bi. Zuhura kabla hujafungua chupa. Ukiona unajificha, funga chupa ukatafute mtu wa kukaa mbele yake na kumpa mkono wa kushoto. Usiuzibe mfereji wako. Ufuate uone unapinda wapi, huenda ni tawi. Na kama kuna mtu aliyeumia pamoja nawe siku ulipoumia, usimfiche kovu ukidhani unamhurumia. Mnyooshee. Mpe muda. Macho ya mtu aliyegeuka hushuka polepole, lakini hushuka.

Na wewe unayeambiwa chanda chema huvikwa pete, usiingize mkono chini ya dawati. Wema wa chanda hauko kwenye ukucha.

Mungu aliyetupa vidole visivyolingana akupe mkono unaotulia ukishika kazi ndogo. Akupe mtu wa kukutazama pale unapodhani hapatazamiki. Shamba lako lichanue hata mwezi usiotarajiwa, na siku utakayonyoosha mkono mbele ya watu, wa kwanza kunyanyuka kukuona awe yule uliyemwogopa kuliko wote. Haya, lete hiyo chupa nyeupe. Na unichumie mwiba.